Mfa maji haulizwi njia

Kila linapotokea tukio la kutisha, benki ikivamiwa au bomu likilipuka, maneno hayakosi kijiweni: “Huyo apewe kibano tu, atawataja wenzake.” Wanaoyasema si watu wabaya. Wengi wana uchungu wa kweli, wamefiwa au wanaogopa kufiwa. Na ni kweli, akipewa kibano atataja. Tunachouliza leo ni atataja nini, na aliyembana atajuaje kama alichotajiwa ndicho.

Tunauliza hivyo kwa sababu mjadala wa mateso kwetu huishia kwenye haki, na hapo husimama. Wanasheria husema mateso ni haramu, na wako sahihi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mtu kuteswa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 25, imeiweka haki ya kutoteswa miongoni mwa haki chache zisizopunguzwa kwa sababu yoyote ile. Lakini mtetezi wa kibano habishani na katiba. Anakubali kwamba jambo hilo ni baya, kisha anaongeza: “Lakini linasaidia.” Basi tumfuate hukohuko kwenye msaada wake.

Ibn al-Shaykh al-Libi alikuwa Mlibya aliyehusika na kambi ya mafunzo ya wapiganaji Afghanistan. Alikamatwa mwishoni mwa 2001. Maofisa wa FBI, wapelelezi wa makosa ya jinai wa Marekani, wakaanza kuzungumza naye, naye akawa anazungumza. Muda si muda CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ikamchukua na kumpeleka Misri. Huko waliomhoji walitaka kitu kimoja: uhusiano wa al-Qaeda na Iraki ya Saddam Hussein. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, hakuwa na habari yoyote ya uhusiano huo, na hata kubuni hadithi ilimwia vigumu. Wakamtia kwenye sanduku la sentimita kama 50 kwa 50, akakaa humo saa 17 hivi. Pima sentimita 50 sakafuni hapo ulipo, upana na urefu, kisha jaribu kujikunja ndani yake kwa dakika tano. Walipomtoa wakamwangusha na kumpiga ngumi kwa robo saa. Sasa hadithi ikapatikana. Alisema al-Qaeda ilipeleka watu Iraki kufundishwa silaha za maangamizi.

Februari 2002 idara ya ujasusi ya jeshi la Marekani iliandika kwamba mtu huyu huenda anawapotosha kwa makusudi. Onyo hilo halikumzuia mtu. Tarehe 5 Februari 2003 Waziri wa Mambo ya Nje, Colin Powell, akaisoma hadithi ya al-Libi mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa bila kumtaja jina, kama ushahidi wa gaidi mkubwa aliyeamua kusema. Mwezi uliofuata Iraki ikavamiwa. Silaha zilizosemwa hazikuonekana. Januari 2004 al-Libi akayakana maneno yake, na mwaka 2009 akafia gerezani Libya.

Hatusemi vita ile ilianzishwa na sanduku moja. Serikali ya George W. Bush ilikuwa na nia yake tangu mapema. Lakini hapo hasa ndipo penye ubovu wa mateso: humpa mwenye nia yake kile anachotaka kusikia, kikiwa kimevalishwa nguo za ushahidi. Mteswaji husoma swali usoni mwa anayemtesa, akatafuta jibu litakaloyakomesha maumivu. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji. Anayezama hachagui cha kushika, na aliye ukingoni akimuuliza njia ya kwenda mjini atajibiwa lolote.

Cha kusikitisha ni kwamba Wamarekani walilijua hilo miaka 50 kabla. Katika vita vya Korea, 1950 hadi 1953, marubani wao waliotekwa walikiri hadharani kwamba walidondosha mabomu ya vijidudu vya maradhi. Waliporudi kwao wakakana. Wataalamu wakachunguza namna walivyokirishwa, wakakuta mambo yaleyale: kunyimwa usingizi, kusimamishwa kwa saa nyingi, baridi, upweke, vitisho. Lengo la kuwafanyia hayo lilikuwa kumfikisha mtu mahali pa kutia sahihi karatasi iliyokwisha kuandikwa. Jeshi la Marekani likaanzisha mafunzo ya kuwazoesha askari wake kuhimili vitendo hivyo endapo watatekwa. Mwaka 2002 wanasaikolojia wawili waliopitia kazi ya mafunzo hayo, James Mitchell na Bruce Jessen, waliyageuza mafunzo kichwa chini na kuwashauri CIA wayatumie kwa mahabusu. Kampuni yao ililipwa dola milioni 81. Mbinu iliyojulikana kwa kuzaa uongo ikanunuliwa kwa bei hiyo ili izae ukweli.

Sasa tuje nyumbani.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, malori mawili ya mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, na maelfu wakajeruhiwa. Wengi Nairobi walipofuka kwa sababu walisikia kishindo cha kwanza, wakaenda dirishani kuchungulia, ndipo lori lilipolipuka na vioo vikawaingia machoni. Kama kuna siku ambayo mtu wa Afrika Mashariki angekuwa na kisingizio cha kudai kibano, ilikuwa ile.

Siku tano baadaye kijana mmoja Msaudia, Mohamed Rashed Daoud al-Owhali, alikamatwa kwenye nyumba ya kulala wageni Eastleigh. Alikuwa na majeraha yaliyoshonwa hospitalini, akasema yeye ni mwathiriwa tu. Waliomhoji hawakumrukia. Walimwacha asimulie kila kitu kwa mpangilio wake, wakauliza tena, wakaandika. Akasema nguo alizovaa ndizo alizokuwa nazo siku ya mlipuko. Wakaziangalia: mtu ana nyuzi mwilini, lakini nguo ni safi, hazina damu. Wakamwekea jambo hilo mezani, na mengine ya namna hiyo, siku baada ya siku. Mwishowe akasema. Alikuwa ndani ya lori lile, alikusudia kufa, akakimbia dakika ya mwisho. Akaeleza alivyofundishwa na nani alimtuma. Akataja pia namba ya simu ya nyumba moja huko Sana’a, Yemen, aliyokuwa akiipiga. Nyumba hiyo ilikuwa kama ubao wa simu wa al-Qaeda, na ufuatiliaji wa namba hiyo ndio uliokuja kufichua kikao cha wanachama wake mjini Kuala Lumpur Januari 2000. (Kilichofuata, CIA kukalia habari za kikao kile badala ya kuwapa FBI, ni aibu nyingine kabisa, wala haikutokana na uhaba wa taarifa.)

Mawakili wake walipinga mahakamani maelezo hayo yasipokelewe. Jaji akawasikiliza, kisha akayapokea. Al-Owhali na wenzake watatu, mmoja wao Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed, walitiwa hatiani New York Mei 2001 na wote wanne wakafungwa maisha. Wafiwa wa Nairobi na Dar es Salaam waliusikia ukweli ukisomwa mahakamani, uliotoka kinywani mwa mshtakiwa mwenyewe.

Mmoja wa maofisa wa FBI waliokaa na al-Owhali Nairobi, Stephen Gaudin, ndiye aliyekuwa na mwenzake Ali Soufan kando ya kitanda cha Abu Zubaydah, aliyekamatwa Pakistan Machi 2002 akiwa na majeraha ya risasi. Walimuuguza, wakazungumza naye. Akawathibitishia kwamba aliyeyapanga mashambulizi ya Septemba 11 ni Khalid Sheikh Mohammed. Kisha wakaja wakandarasi wa CIA. Agosti mwaka huohuo Abu Zubaydah akalazwa chali kwenye ubao, kitambaa usoni, na kumiminiwa maji mpaka pumzi ikate, si chini ya mara 83. Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani ilipopitia nyaraka za CIA zenyewe na kuchapisha muhtasari wake Desemba 2014, ilihitimisha kwamba mateso hayakuwa njia yenye ufanisi ya kupata taarifa. Kati ya mahabusu 119 iliowahesabu, angalau 26 walishikiliwa kimakosa hata kwa vigezo vya CIA wenyewe. CIA ilipinga hitimisho hilo, na msomaji ana haki ya kujua kwamba ilipinga. Lakini hata yenyewe ilikiri kwamba haiwezi kujua kama habari hizo zisingepatikana kwa njia nyingine.

Na Osama bin Laden je? Hoja hii haikosi. Inasemwa bila mateso asingepatikana Abbottabad mwaka 2011. Taarifa ya Seneti inaonyesha kwamba habari nzuri kuliko zote kuhusu mjumbe aliyewafikisha kwenye nyumba yake zilitolewa na Hassan Ghul mwaka 2004, kabla hajaanza kuteswa. Wakubwa wawili walioteswa sana walipoulizwa kuhusu mjumbe huyo walidanganya.

Mfano unaotuuma zaidi, hata hivyo, ni wa Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani, na tunaomba wasomaji wetu wautazame kwa makini. Ghailani alishtakiwa kushiriki kuandaa mlipuko wa Dar es Salaam, ikiwemo ununuzi wa lori na mitungi ya gesi. Alikamatwa Pakistan Julai 2004. Wenzake wanne walikuwa wamepelekwa moja kwa moja mahakamani, lakini yeye CIA ilimficha kwenye magereza yake ya siri, akabanwa huko, na mwaka 2006 akahamishiwa Guantánamo. Alipofikishwa mbele ya mahakama ya kiraia New York ilikuwa imepita karibu miaka 11 tangu mlipuko.

Waendesha mashtaka walikuwa na shahidi wao mkuu, Mtanzania aliyekuwa tayari kusimama kizimbani na kusema: mimi ndiye niliyemuuzia huyu baruti za TNT. Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo. Serikali ilimjua kutokana na maneno ambayo Ghailani aliyatoa akiwa kwenye mikono ya CIA, na jaji akasema kilichopatikana kwa kumbana mtu hakiwezi kuingia mahakamani kupitia mlango wa nyuma. Tarehe 17 Novemba uamuzi ukatoka. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, Ghailani alipatikana na hatia katika moja tu: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Katika mashtaka ya mauaji, moja kwa kila aliyekufa Nairobi na Dar es Salaam, yote 224, akaonekana hana hatia.

Alifungwa maisha kwa lile moja, na wapo wanaosema basi hakuna kilichoharibika. Sisi tunasema kiliharibika. Kwa kila marehemu kulikuwa na shtaka, na kwa kila shtaka jibu likawa hana hatia. Tukubali pia jambo gumu: hapa mateso yalitoa jina la kweli la mtu wa kweli. Hatudai kwamba anayeteswa hasemi kweli hata siku moja. Husema kweli na uongo kwa sauti moja, kwa pumzi moja, na ule ukweli ukipatikana unakuwa umekwisha kuoza, hauliki mahakamani. Polisi wa kawaida kwa kufuatilia baruti kutoka kwa wauzaji wangeweza kumfikia mtu yuleyule, na angesikilizwa.

Yuko Mzanzibari mwingine ambaye jina lake hatutaliandika. Alikuwa mvuvi na mfanyabiashara mdogo. Alikamatwa Mogadishu mwaka 2003 akakabidhiwa kwa Wamarekani, akafungwa gizani Afghanistan, akanyimwa usingizi, akamwagiwa maji ya baridi. Miaka mitano baadaye walimwachia wakiwa wamempa karatasi inayosema hana tishio lolote kwa majeshi ya Marekani. Yeye na wenzake waliwashtaki Mitchell na Jessen, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano Agosti 2017. Siku zote zile, wahojaji waliokuwa wakimshughulikia mvuvi hawakuwa wakimtafuta gaidi.

Kenya ina somo lake, na halikutoka kwa Wamarekani. Miaka ya 1980, serikali ilipokuwa ikiwasaka watu wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, wahadhiri, wanafunzi na wanahabari waliingizwa kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya Nairobi, saruji tupu, mlango ukafungwa na maji yakaachiliwa. Mtu alikaa kwenye maji siku nzima na usiku kucha, ngozi ya nyayo ikaanza kubanduka. Kisha akapandishwa kwa lifti ghorofa za juu kuulizwa maswali, akarudishwa majini. Wengi walifikishwa mahakamani jioni watu wameshatoka kazini, bila wakili, wakakiri na kufungwa papo hapo. Kila aliyetajwa alitakiwa kutaja wengine. Orodha ya “wapinzani” ikarefuka, na dola ikajiaminisha kwamba njama ni kubwa kuliko ilivyodhani. Miaka michache baadaye vyama vingi vikaja, na Februari 2003 vyumba vile vikafunguliwa wananchi wakaingia kuona. Mahakama Kuu ikaja kuwalipa waathiriwa fidia kwa fedha za walipa kodi.

Linabaki swali la bomu lililokwisha kutegwa, saa inahesabu, na anayejua liliko umemshika. Ni swali zuri kwa filamu. Mtu anayejua bomu litalipuka saa kumi anahitaji kuhimili mpaka saa kumi tu, na uongo mmoja unamtosha. Akisema Mbagala, kikosi kizima kitaelekea Mbagala huku bomu liko Kariakoo. Na unajuaje kwamba uliyemshika ndiye anayejua, wala si mvuvi? Ukishajua kiasi hicho, maana yake upelelezi wa kweli umekufikisha hapo bila kumgusa mtu. Isitoshe, mtu aliyekeshwa siku tatu kumbukumbu yake yenyewe huanza kumhadaa. Hata akitaka kusema kweli, anachanganya siku, majina na nyumba.

Uingereza ilijifunza kwa gharama. Mwaka 1974 mabomu kwenye baa mbili za Birmingham yaliua watu 21. Wanaume sita walikamatwa, wakapigwa, wanne kati yao wakatia sahihi za kukiri, wote sita wakafungwa maisha. Mwaka 1991 mahakama ikawaachia baada ya kukaa gerezani miaka 16, kwa sababu hawakuwa wao. Waliotega mabomu hayo hawajahukumiwa mpaka leo. Baada ya kesi za namna hiyo Waingereza walianza kurekodi mahojiano ya polisi, na mwaka 1992 wakabadili kabisa mafunzo ya wahojaji: jiandae, msikilize, linganisha anachosema na ushahidi ulionao. Mwaka 2021 wataalamu wa kimataifa walitoa kanuni za mahojiano yenye ufanisi, zilizopewa jina la Juan Méndez, mwanasheria ambaye mwenyewe aliteswa Argentina. Zinasema jambo lilelile lililofanyika Nairobi mwaka 1998.

Anayefuatilia mahakama zetu anaijua “kesi ndogo ndani ya kesi kubwa”. Upande wa mashtaka unataka kuwasilisha maelezo ya onyo, mshtakiwa anasema aliyatoa kwa kupigwa, jaji anasimamisha kesi kubwa ili kusikiliza ndogo. Askari anaapa kwamba hakumgusa, mshtakiwa anaonyesha kovu, na hakuna wa tatu aliyekuwepo chumbani. Wiki zinapita. Wakati mwingine maelezo yanatupwa na mhalifu wa kweli anakwenda zake, wakati mwingine yanapokelewa na asiye na hatia anakwenda jela. Hasara zote mbili zinamwangukia yule aliyeibiwa au kufiwa.

Tunataka mahojiano yote ya watuhumiwa wa makosa makubwa, ugaidi ukiwa wa kwanza, yarekodiwe kwa picha na sauti tangu mtu anapoingia chumbani mpaka anapotoka. Tunataka maelezo ya kukiri yasiyo na rekodi yasipokelewe mahakamani, ili kesi ndogo imalizwe kwa kubonyeza kitufe. Tunataka askari wapelelezi wafundishwe kuhoji kama kazi ya ufundi yenye muda wake na mtihani wake, na wakiwa kazini wapewe magari, mafuta na maabara ya kuchunguza ushahidi. Askari asiye na usafiri wala vipimo, anayesukumwa na mkubwa wake amletee mtu kabla ya jioni, ndiye anayeishia kushika rungu.

Chumba cha namna hiyo kinahitaji meza, viti vitatu, kamera na saa ukutani. Kwenye Bunge la bajeti tunawaomba wabunge wamuulize Waziri wa Mambo ya Ndani swali moja la hesabu: ni vituo vingapi vya polisi vya wilaya vyenye chumba hicho leo, na vingapi vitakuwa nacho mwakani? Jibu lake tutalichapisha hapa, kituo kwa kituo.